Aliyeizima Mwisho

Kompyuta ya marehemu A-Yao ilikuwa ikijiwasha yenyewe kila siku adhuhuri, na mtu pekee aliyeona jambo hilo ni la kawaida kabisa alikuwa mama yake. Ilikuwa inalia mara moja, mlio mfupi mkavu, taa ya bluu inawaka mbele, basi. Mama Fan anaacha alichoshika, anapakua wali bakuli moja, anauwekea juu nyama ya nguruwe iliyopikwa na majani ya haradali yaliyokaushwa, anakwenda kuliweka mezani kando ya mashine na kusema, "A-Yao, chakula." Kisha anaketi kitandani na kumpa habari za mtaa. Baada ya muda mashine, kwa kuwa haikuguswa na mtu, inajizima. Mama anarudi na bakuli jikoni, anakula ule wali uliopoa, anaosha vyombo.

Nani angemwambia aache? Pale katika mji mdogo wa Zhudong kila nyumba ina wafu wake, na kila mfu ana namna yake ya kubisha hodi. Majirani walisema tu kwamba huyu wa Mama Fan ni msomi, anatumia umeme.

Binti yake, Jui-chen, aliyeitwa A-Chen nyumbani, ndiye aliyekuwa hana raha na jambo hilo, tena kwa sababu za kazi. Alikuwa fundi wa programu dhibiti katika kampuni ya kutengeneza ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, kule mjini Hsinchu. Programu dhibiti, kwa asiyeijua, ni yale maneno machache yaliyoandikwa ndani ya kichipu kidogo kwenye ubao, ambayo kompyuta hujisemea ya kwanza kabisa inapoamka, kabla haijajua kama ina skrini wala kama ina mwenyewe. Maneno hayo yakienda kombo, hakuna linalofuata, unabaki na sanduku la bati. Kaka yake A-Yao alikuwa akifanya kazi hiyohiyo, katika kampuni hiyohiyo, na ndiye aliyemwingiza. Walikuwa wanakaa migongo yao imeelekeana, na A-Yao akichoka alikuwa anarudisha kiti nyuma kwa nguvu kimgonge dada yake, makusudi.

Alikufa siku ya Jumapili. Alikuwa chumbani kwake anachezea mashine, mama akamwita chakula. Akaizima, akaja mezani, akakuta mchuzi wa soya umekwisha. "Nenda chap, chukua chupa moja pale dukani," mama akasema, "wali usipoe." Akapanda pikipiki. Kwenye kona ya daraja alikutana na lori la kokoto lililokuwa likikata kona vibaya. Wali ulikaa mezani hadi jioni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuondoa.

Tangu siku hiyo Mama Fan hakumwita mtu mwingine mezani. Jui-chen akija nyumbani mwisho wa wiki alikuwa anakuta sufuria jikoni, anajipakulia, anakula amesimama. Mama hakuwa amemkasirikia. Alikuwa anamwona na hamwoni, anampita kama mtu anavyolipita kabati ndani ya nyumba yake. Na lile neno moja, chakula, lilikuwa linatoka adhuhuri tu, na kwenda chumbani tu. Jui-chen alimwonea wivu maiti, na alijua ni aibu, lakini wivu hauna adabu.

Wiki ile ya mazishi ndipo aliposikia mlio kwa mara ya kwanza. Akajitia ujasiri. "Mama, hiyo ni kengele tu. Kaka aliitega."

"Kengele ya kumwamsha nani?" mama akauliza.

Jui-chen akaingia kwenye mipangilio ya ubao ili amwonyeshe. Kengele ilikuwa imefungwa. Akachomoa waya wa mtandao, kesho yake adhuhuri ikawaka. Akakagua kila njia anayoijua ya kuiamsha mashine kutoka nje, zote zimefungwa, na bado ikawaka. Akanyoosha mkono aizime, mama akaudaka mkono ule hewani.

"Usiizime. Hapa hakuna mtu wa kumzima. Acha ajizime mwenyewe."

Jui-chen akaurudisha mkono. Miaka mitatu mizima fundi huyu, anayelipwa kujua kwa nini mashine inafanya inalofanya, alikaa mbali na chumba kile na kujisemesha kwamba ana kazi nyingi.

Kisha, mwezi wa saba wa kalenda ya mwandamo mwaka huu, wakati malango ya kuzimu yako wazi na kila duka limetoa meza ya sadaka mlangoni kwa ajili ya mizimu, wale wanaoitwa kwa heshima ndugu wema, malalamiko yalianza kuingia kazini. Watu waliotoka safarini walisema kompyuta zao zilikuwa zikijiwasha wakati nyumba haina mtu. Zote zilikuwa na ubao wa aina moja. Mzigo ukaangukia meza ya Jui-chen.

Akachukua ubao kama ule, akaufungia maabara, akauzima kwa kitufe siku moja baada ya chakula cha mchana na kuuacha ukiwa na umeme wake. Kesho yake, muda uleule, ukalia mlio mfupi mkavu. Aliujua mlio ule kama anavyoijua sauti ya mama yake.

"Kaka Peng, njoo uone!"

Peng alikuwa mkuu wa kitengo, mnene, mwenye huruma na mdomo. "Nione nini? Mwezi huu mimi sioni kitu. Hata ukiniambia kuna mtu nyuma yangu, sigeuki."

"Imejiwasha. Jana niliizima kwa kidole saa hizihizi."

Peng hakuangalia skrini. Alikwenda moja kwa moja kwenye pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi iliyowekwa juu ya mashine, kama zilivyowekwa pakiti juu ya kila mashine ya maana katika nchi hii, ili mashine iwe na adabu. Akaigeuza na kusoma tarehe. "Ndiyo maana! Imekwisha muda tangu mwezi wa tano! Nani ana zamu ya pakiti humu? Mnazilisha mashine vitu vilivyochina halafu mnataka ziwatii?" Akaitupa, akaleta mpya, akaisimamisha vizuri jina likiangalia mbele. Peng ana shahada mbili, na hakuwa anatania.

Ilipofika siku ya tatu mashine inawaka tu na pakiti mpya inaitazama, Jui-chen akaanza kusoma maandishi ya programu yenyewe, mstari kwa mstari. Akakuta kasoro, na kasoro ilikuwa ya A-Yao.

Haikuwa kitu cha ajabu. Zamani, wakati wa majaribio, A-Yao alitaka kujua mashine imezimwa saa ngapi, kwa hiyo aliuagiza ubao: kila mara mtu anapokuzima kwa kitufe, andika saa. Lakini pale alipouambia uandike ndipo pia kisaa cha ndani, kile chenye betri ya duara mfano wa kifungo cha koti, hutazama kujua saa ya kuamka. Basi saa uliyoizimia mashine leo ndiyo saa itakayoamka kesho, na keshokutwa, na siku zote, mpaka mkono mwingine uje kuizima. Ikijizima yenyewe haiandiki kitu. Anayetumia kompyuta yake kila siku hawezi kugundua, maana saa hiyo inamkuta ameshaiwasha. Wanaogundua ni waliosafiri. Na waliokufa, Jui-chen akajisemea.

Pembeni ya mstari ule, kama mafundi wanavyoachiana maneno, kulikuwa na maneno yake: "Hapa si mahali pake. Nitarudi kuparekebisha. Yao."

Peng aliinama akasoma, na utani wote ukamwishia. "Futa," akasema. Halafu papo hapo, "Hapana, usifute. Mwezi huu usifute kitu."

Jui-chen alikwenda chooni akafungulia bomba la maji na kulia. Kwa hiyo haikuwa kengele, wala haikuwa pepo. Ilikuwa ni ile adhuhuri yenyewe, ile ya Jumapili, dakika ambayo kidole cha kaka yake kiligusa kitufe kwa sababu mama amemwita ale. Mashine ilikuwa imeishika dakika hiyo na kuirudia siku zote hizi, na mama, ambaye hajui hata kuchapa jina lake, alikuwa ameielewa tangu siku ya kwanza. Alifurahi, akaumia, na hakuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Lakini palikuwa na jambo jingine, baya zaidi. Mashine ikiamka kwa njia hiyo ya uchochoroni, inaruka sehemu inayowasha feni. Inakaa pale inachemka kimyakimya hadi ijizime. Mteja mmoja alirudi kutoka safarini akakuta meza yake imeungua. Jui-chen alipoona picha ya meza ile alimfikiria mama yake ameketi kitandani, ubani unafuka, marundo ya karatasi za sadaka zinazochomwa mwezi wa saba yamepangwa ukutani, na katikati yake sanduku la moto.

Sasisho lilihitajika, na kwa wateja aliliandika bila taabu: aliondoa kasoro yote, saa na feni pamoja. Peng akasema litatolewa malango yakifungwa, mwezi ukiisha, na kabla ya hapo watawatangazia watu wachomoe nyaya zao ukutani. "Ukilitoa sasa, ndugu wema wakilipakua kabla ya wateja, usije ukanililia."

"Na ya mama yangu?"

Peng alimtazama. Naye alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la A-Yao. "Si achomoe waya tu?"

"Atachomoa kweli? Kaka Peng, wewe unamjua mama."

Kwa hiyo alitengeneza toleo jingine, la nyumba moja tu duniani. Humo feni inawaka. Mengine yote aliyaacha kama yalivyo. Ule mstari wa A-Yao hakuugusa hata herufi. Angeweza kuufuta na kuiacha ile saa iliyokwisha kuandikwa ibaki peke yake milele, alilifikiria hilo, lakini kila alipopeleka mkono aliona kama anamfuta mtu. Akauacha kwa heshima.

"Toleo la mtu mmoja halina aliyelijaribu," Peng akamwonya.

"Nitalijaribu mimi."

"Wewe ndiye unayenitia hofu."

Alilijaribu maabara hadi akaridhika, na Jumamosi akapakia vifaa kwenye gari na kwenda Zhudong. Alipofika aliinua mashine ya kaka yake, akaona mbao ya meza chini yake imebadilika rangi, kahawia iliyokolea, na mama ameweka pale kitambaa kilicholowa.

"Mama, ulijua?"

"Anakuja na joto siku hizi. Si mwezi wake huu?"

"Mama, itaungua. Itawaka moto na wewe umekaa hapo."

"Nitakuwa nimekaa na mwanangu."

Jui-chen aliketi sakafuni. Alimweleza yote, polepole, kuhusu kitufe, na saa iliyoandikwa, na feni iliyorukwa. Alitegemea mama atavunjika moyo kusikia ni kasoro. Mama alisikiliza hadi mwisho akiwa anamenya kiazi, kisha akasema, "Sasa si ndivyo nilivyokuambia? Ni yeye."

"Ndiyo, Mama," Jui-chen akasema, kwa maana hakuona cha kukanusha. "Ni yeye. Na mimi simwondoi. Saa yake iko kwenye kisaa kingine kabisa, chenye betri yake. Mimi nagusa kichipu tu, ili feni izunguke. Kesho atakuja vilevile, ila hataunguza meza."

"Una hakika?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Ilikuwa kazi yake pia." Mama aliweka kisu chini. "Asipokuja kesho, na wewe usije tena."

Alilisema bila hasira, kama anayetaja bei ya kitu. Angeweza kufungasha vifaa vyake na kuondoka, na mama angeendelea kuketi na lile joto. Akapiga moyo konde akasubiri.

Adhuhuri mashine ililia kama kawaida, mama akaleta bakuli, akaongea maneno yake, mashine ikajizima. Ndipo Jui-chen akaanza.

Kazi hii ina ucha Mungu wake. Alisoma jina la ubao kwenye ubao wenyewe, pale lilipochapwa, maana maboksi hudanganya na kumbukumbu za watu hudanganya zaidi, na maandishi ya ubao mmoja ukiyatia kwenye ubao wa pili umeua wote wawili. Aliichomeka mashine kwenye betri kubwa ya akiba aliyokuja nayo, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kuandika, kichipu kinabaki na nusu ya maneno yake na hakiamki tena. Alichomoa waya wa diski, ili picha za A-Yao na kazi zake zikae pembeni ya hatari. Alibana kibanio kwenye miguu midogo ya kichipu, akanakili yote yaliyokuwamo, akanakili tena, akalinganisha nakala mbili kama zinafanana. Kisha akaiwasha, akaingiza flashi, akahakikisha alama ya utambulisho ya faili ni ileile aliyoiacha kazini, akabonyeza kukubali, akaiondoa mikono yake na kuikalia.

Mstari mwembamba ulianza kujaa kwenye skrini. Hapo ndipo wengi huharibu. Mstari unasimama kidogo, mtu anadhani umekwama, kidole kinamwasha, anagusa. Jui-chen hakugusa. Mama alisimama mlangoni na taulo begani, midomo inatembea bila sauti. Mstari ukasimama kweli, mahali pabaya, karibu na mwisho, na feni ikanguruma ghafla kwa nguvu ambayo haikuwa imesikika chumbani humo tangu A-Yao afe, ikatulia, ikaanza tena kuzunguka taratibu.

"Anapumua," mama akasema.

Mstari ukajaa. Skrini ikaandika kwamba imefaulu. Jui-chen alijikuta anacheka, kifua kimemfunguka, na kwa furaha hiyo alimaliza kazi kama alivyoimaliza mamia ya mara maabara, bila hata kufikiri: akaizima kwa kitufe, akasubiri kidogo, akarudisha waya wa diski, akaiwasha, akaona inasoma kila kitu, akaiacha ijizime. Akafunga sanduku, akafuta vumbi, akapiga meza kwa kiganja.

"Tayari, Mama. Kesho utaona."

Mama alimtengea chungwa moja kubwa, la kuondoka nalo. Lilikuwa jambo dogo. Jui-chen aliendesha gari hadi Hsinchu huku akilitazama pale kwenye kiti cha pembeni.

Jumapili alifika mapema. Alivua viatu mlangoni, akamsaidia mama kupanga sadaka uani, vikapu vya matunda, biskuti, bakuli la maji na taulo safi la kunawia ndugu wema waliotoka mbali. Mama alikuwa mchangamfu kuliko kawaida, hata akamtania kwamba amenenepa mashavu. Saa ilipokaribia walikwenda chumbani wote wawili. Bakuli lilikuwa tayari mkononi.

Adhuhuri ikafika. Ikapita.

Jui-chen alisema, "Pengine saa yangu inakimbia." Kisha akasema, "Subiri kidogo tu, Mama." Mvuke wa wali ulipungua, ukakoma, mafuta ya nyama yakaanza kuganda meupe pembeni ya bakuli. Nje karatasi za sadaka za jirani zilikuwa zinaungua, na moshi wake uliingia dirishani. Jui-chen aliikazia macho taa isiyowaka, akairudia kazi ya jana hatua kwa hatua, jina la ubao, betri, waya wa diski, kibanio, flashi, na alipofika kwenye hatua ya mwisho alikiona kidole chake mwenyewe.

Alikuwa ameizima. Kwa kitufe, kwa mkono wake, kama anavyozima kila mashine. Angeuchomoa tu waya wa umeme badala ya kugusa kitufe, saa ya A-Yao ingekuwepo. Angeufuta ule mstari, kitufe kisingedhuru kitu, na saa ingekuwepo. Aliuacha mstari kwa heshima, na mstari ukafanya kazi yake bila kumbagua mtu: ukafuta saa ya marehemu na kuandika ya aliye hai.

"Mama," akasema. "Ni mimi. Niliizima. Lakini naweza kuirudisha, ile saa naijua, ni kuiandika tu upya, sasa hivi, dakika mbili..."

"Utaandika wewe."

"Namba ni ileile, Mama!"

"Utaandika wewe," mama akarudia. "Amefika mlangoni akakuta pamefungwa. Usimguse tena." Akachukua bakuli, akatoka nalo. Kutoka jikoni alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikuambia nini jana?"

Jui-chen hakuondoka mara moja. Aliketi uani kwenye kigoda karibu na meza ya sadaka. Watu wa mtaani walipita wakamsalimia. Alimwona mama akipita ndani mara mbili, akimpita vilevile kama anavyolipita kabati, na alijua kwamba lile la jana, lile chungwa, limekwisha. Alikuwa amempoteza kaka yake kwa mara ya pili, na safari hii hapakuwa na lori la kulilaumu. Alasiri ilipoanza kuinama, mama alikuja mlangoni.

"Bado upo?"

"Nakwenda, Mama."

Mama akaingia ndani. Jui-chen akainama, akavaa kiatu kimoja. Alikuwa anatafuta cha pili kwa mguu aliposikia kutoka chumbani mlio mmoja, mfupi, mkavu, na nyuma yake feni ikianza kuzunguka, taratibu, kama pumzi za mtu aliyepanda ngazi.

Ilikuwa saa ileile aliyoizimia mashine jana. Saa yake.

Kisha alisikia mlango wa kabati jikoni, bakuli likiwekwa, mwiko ukigonga sufuria, hatua za kandambili zikivuka sebule na kuingia chumbani. Chombo kikawekwa mezani. Na sauti ya mama, sauti ile ambayo kwa miaka mitatu alikuwa akiisikia ikienda kwa mwingine, ikasema:

"A-Chen. Chakula."

"Nipo hapa, Mama," Jui-chen akaitika mlangoni.

Mama hakugeuka. Kutoka pale aliposimama, mlango wa chumba ukiwa wazi, Jui-chen aliuona mgongo wa mama, mdogo, ameketi ukingoni mwa kitanda, uso umeelekea taa ya bluu. Alikuwa anaongea. Alikuwa anamwambia A-Chen kwamba anafanya kazi mno, kwamba lile la mashavu lilikuwa utani tu, kiuno kimekwisha, kwamba siku ile ya mazishi alimwona analia nyuma ya banda na akashindwa kwenda kumshika kwa sababu kama angemshika mtu hata mmoja, angeanguka. Kwamba wali huu ni mpya. Kwamba ale taratibu, hakuna anayemtuma mahali.

Jui-chen alitaka kuingia. Aliinua mguu usio na kiatu, akaurudisha. Aliogopa kwamba akiingia, mama atageuka, atamwona, na ataacha kusema. Basi alibaki pale kizingitini, amejishika ukutani, kiatu kimoja mguuni, akisikiliza yanayosemwa kwake, mpaka mashine, kwa kuwa haikuguswa na mtu, ikajizima.